Mteja Aliyeondoka Bila Kuaga

Mapema Novemba 1999, Boo.com ilianza kuuza nguo na viatu vya michezo mtandaoni kwa wateja wa nchi 18 kwa mpigo. Waanzilishi wake walikuwa Waswidi wawili, Ernst Malmsten na Kajsa Leander, waliowahi kuanzisha duka la vitabu la mtandaoni, pamoja na mwanabenki Patrik Hedelin. Walikuwa na ofisi Carnaby Street jijini London, wafanyakazi mia kadhaa na fedha za wawekezaji wazito, akiwamo bilionea wa Ufaransa Bernard Arnault na familia ya Benetton. Magazeti yaliwaandika miezi mingi kabla hata soksi moja haijauzwa. Kufikia Mei 2000 kampuni ilikuwa mikononi mwa wafilisi, na dola za Marekani zipatazo milioni 135 zilikuwa zimeyeyuka.

Mteja aliyefika kwenye tovuti hiyo alipokewa na Miss Boo, msichana wa kuchorwa aliyemsemesha na kumshauri wakati akitazama bidhaa. Koti liliweza kuzungushwa na kukaguliwa pande zote, kisha likavishwa mwanasesere wa kwenye skrini. Vitu vilifunguka ndani ya madirisha madogo yaliyorundikana juu ya mengine. Kwa mtu aliyeyaona hayo akiwa ofisini London, kwenye laini ya kasi, yalikuwa maajabu. Lakini mwaka ule kaya nyingi za Ulaya ziliingia intaneti kupitia simu ya mezani, kwa modemu ya kilobiti 56 kwa sekunde. Hata hali ikiwa nzuri, modemu hiyo hupitisha kama kilobaiti 7 tu kila sekunde. Picha moja ya kilobaiti 200 inachukua karibu nusu dakika, na koti linalozunguka linahitaji picha kadhaa. Mteja alikaa akiitazama skrini ikijichora taratibu huku bili ya simu ikipanda, maana nchi nyingi za Ulaya zilitoza kwa dakika. Wenye kompyuta za Macintosh mwanzoni hawakuweza hata kuingia.

Tovuti haikuiangusha Boo peke yake. Matumizi yalikuwa ya kifahari, na masika ya mwaka 2000 soko la hisa za kampuni za intaneti liliporomoka, wawekezaji wakafunga mifuko. Hata hivyo, duka ambalo wateja wake hawawezi kufika kwenye rafu haliwezi kuhimili dhoruba yoyote. Watu walikuja kwa wingi kwa sababu ya matangazo, wakangoja, wakakata tamaa, wakaenda zao.

Kisa hicho kina zaidi ya robo karne sasa, na modemu zile zimebaki kwenye makumbusho. Kosa lenyewe lingali hai. Ukiyachunguza makosa yanayowafukuza watu kwenye tovuti, mengi yana asili moja: mwenye tovuti anamtoza mgeni kabla ya kumhudumia. Anamtoza muda, bando, nguvu ya macho, hata siri zake binafsi, na huduma inakuja baadaye, ikija. Dukani Kariakoo, mteja asiyeridhika hununa, hubishana bei, hulalamika mpaka jirani asikie, na muuzaji anajua pa kurekebisha. Kwenye tovuti anabonyeza kitufe cha kurudi nyuma na kwenda kwa mshindani, na mwenye tovuti anabaki na namba moja tu katika takwimu zake: mtu mmoja aliingia, akakaa sekunde 4, akatoka.

Tena mgeni mwenyewe mara nyingi hajui kilichomfukuza. Mwaka 2006 Marissa Mayer, wakati huo mmoja wa viongozi wa Google, alisimulia jaribio lililoishangaza kampuni hiyo. Watumiaji waliulizwa kama wangependa kuona matokeo mengi zaidi ya utafutaji katika ukurasa mmoja, wakasema ndiyo. Google ikalipatia kundi moja matokeo 30 badala ya 10. Katika kundi hilo matumizi yalishuka kwa asilimia 20. Baada ya kuchimba, wahandisi walikuta ukurasa wa matokeo 10 ulikuwa ukifunguka kwa sekunde 0.4, na ule wa matokeo 30 kwa sekunde 0.9. Watu walikuwa wamepewa walichokiomba, lakini nusu sekunde ya ziada iliwachosha bila wao kutambua.

Mtaalamu wa Denmark, Jakob Nielsen, ambaye amechunguza matumizi ya kompyuta kwa miongo mingi, aliweka mipaka mitatu katika kitabu chake cha mwaka 1993. Jibu likija ndani ya sehemu ya kumi ya sekunde, mtu huhisi amelifanya jambo kwa mkono wake mwenyewe. Likichukua sekunde 1, anaona kwamba kuna kusubiri, ila fikra zake hazikatiki. Zikifika sekunde 10, akili imeshahamia kwingine. Mwaka 2016 Google ilichapisha takwimu zake kuhusu simu: asilimia 53 ya ziara huachwa iwapo ukurasa unachukua zaidi ya sekunde 3 kufunguka. Zaidi ya nusu ya wateja wamekwenda kabla hawajasoma hata jina la duka.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, hakuna ushahidi mzito kuhusu jambo hili kama ule alioutoa mhandisi Chris Zacharias mwaka 2012, akieleza kazi aliyoifanya alipokuwa YouTube. Ukurasa wa kutazamia video ulikuwa umenenepa mpaka kufikia MB 1.2. Akajipa kazi ya kuukondesha hadi chini ya kilobaiti 100. Aliondoa vikorombwezo kimoja baada ya kingine na kuandika upya sehemu nyingi, hadi akafika kilobaiti 98. Toleo hilo jepesi likaitwa Feather, yaani unyoya, na likafunguliwa kwa baadhi ya watumiaji.

Takwimu ziliporudi, zilimvunja moyo. Wastani wa muda wa kufunguka ulikuwa umepanda. Ukurasa uliopunguzwa uzito mara 12 ulionekana kwenda polepole kuliko ule wa zamani, jambo ambalo kihesabu halikuingia akilini. Alikaribia kukata tamaa, ndipo takwimu zilipopangwa kwa ramani na jibu likaonekana. Watazamaji wapya walikuwa wamefurika kutoka Asia ya Kusini-Mashariki, Amerika ya Kusini, Afrika na hata pembe za mbali za Siberia. Kwa ukurasa wa zamani, mtu wa huko alihitaji zaidi ya dakika 20 kabla ya kuona sehemu ya kwanza ya video, kwa hiyo hakuwa akijaribu kabisa. Kwa ukurasa mwepesi alihitaji kama dakika 2. Dakika 2 zinaharibu wastani wa kampuni ya California. Kwa mtu huyo, ndizo zilizoigeuza YouTube kuwa kitu anachoweza kukitumia.

Kisa hiki kinapaswa kusomwa taratibu na kila anayelipwa kutengeneza tovuti. Takwimu zilizokuwapo kabla ya Feather zilionyesha hali nzuri, kwa sababu waliofukuzwa hawakuwamo katika hesabu. Mwenye tovuti anayeangalia ripoti yake na kusema wateja wake wote wana simu za bei kubwa na mtandao wa kasi, huenda anasoma tu orodha ya wale waliofanikiwa kupita.

Na huku kwetu uzito unalipiwa. Watu wengi hununua bando la siku au la wiki, wakijua MB zimebaki ngapi kama wanavyojua salio la chenji mfukoni. Mei 12, 2024, nyaya za EASSy na Seacom zilipokatika chini ya Bahari ya Hindi, intaneti ya Tanzania na majirani zake ilizorota vibaya. Siku kama hizo ukurasa wa kilobaiti 100 bado una matumaini ya kufika kwenye simu. Ukurasa wa MB 5 unageuka kuwa kiduara kinachozunguka katikati ya skrini nyeupe.

Uzito huo unatoka wapi? Kwa kiasi kikubwa unatoka kwenye picha. Picha iliyopigwa kwa simu ya kawaida ya megapikseli 12 huwa na MB 3 hadi 5, na mara nyingi hupakiwa kwenye tovuti kama ilivyo, ili ionekane katika nafasi isiyozidi upana wa vidole vitatu. Kuipunguza ukubwa kabla ya kuipandisha ni kazi ya dakika moja, na inaweza kuiteremsha hadi chini ya kilobaiti 100 bila jicho kuona tofauti kwenye simu.

Chukua mzazi anayetafuta ada ya shule ya sekondari ya bweni. Ni saa mbili usiku, ana simu yenye mstari mmoja wa mtandao. Anafungua tovuti ya shule. Kwanza zinakuja picha kubwa nne zinazopishana zenyewe: jengo la utawala, mgeni rasmi akikata utepe, wanafunzi wa maabara wakiwa na makoti meupe, mahafali. Anasogeza chini. Neno la mkuu wa shule, aya sita. Dira. Dhima. Maadili ya msingi. Anafungua menyu na kukuta Kuhusu Sisi, Taaluma, Matukio, Matunzio. Neno ada halipo. Linapatikana hatimaye ndani ya faili la PDF la fomu ya kujiunga, lililopigwa skani likiwa limelala ubavu, kurasa 11, na ada iko ukurasa wa 7, katika jedwali lenye herufi ndogo kama punje za ulezi. Bando likimtosha, atalipata. Lisipomtosha, atampigia simu mtu anayemjua kwenye shule nyingine.

Hizo picha zinazopishana zimeshapimwa. Mwaka 2013 Erik Runyon, aliyekuwa akisimamia tovuti ya Chuo Kikuu cha Notre Dame, Marekani, alichapisha hesabu za ukurasa wa mwanzo wa chuo chake: ni takriban asilimia 1 tu ya wageni waliobofya picha hizo, na wengi mno kati yao walibofya ile ya kwanza. Nyingine zilipita bila mtu. Hata hivyo picha za namna hiyo zinaendelea kupendwa, na sababu yake inaeleweka kwa yeyote aliyewahi kukaa kwenye kikao cha kupanga tovuti. Kila idara inataka iwe juu kabisa. Picha zinazopishana humaliza ubishi wa kikao, kila mkuu wa idara anarudi nyumbani ameridhika, na gharama anabebeshwa mtu ambaye hakuwa na kiti pale.

Baada ya uzito, palipo na madhara makubwa zaidi ni kwenye fomu. Hapo mgeni amekwisha kuvumilia, ameshaamua kununua au kujiandikisha, fedha iko mkononi. Kumpoteza mtu huyo ni hasara ya kuuma.

Expedia, kampuni ya Marekani inayouza tiketi na vyumba vya hoteli, iliwahi kugundua kwamba wateja wengi walibonyeza kitufe cha kununua lakini malipo hayakupita. Wachambuzi walipofuatilia walikuta chanzo ni nafasi moja ndogo kwenye fomu, tena isiyo ya lazima, iliyoandikwa Kampuni. Baadhi ya wateja, wakiwa na kadi ya benki mkononi, walidhani wanaulizwa kampuni iliyowapa kadi, wakaandika jina la benki. Walipofika kwenye anwani, wakaandika anwani ya benki. Mfumo wa malipo ukalinganisha anwani hiyo na ile ya mwenye kadi, ukaikataa. Expedia ikaifuta nafasi ile. Kwa kadirio la kampuni yenyewe, mstari huo mmoja ulipoondoka uliiongezea faida ya dola milioni 12 kwa mwaka.

Mshauri wa Marekani Jared Spool alieleza kisa kingine mwaka 2009, bila kulitaja duka husika. Mteja akishajaza kikapu chake alizuiwa na fomu ndogo: ingiza barua pepe na nywila, au jisajili. Wenye duka waliamini wanawarahisishia wateja wa kudumu. Spool na wenzake walipokaa na wanunuzi halisi, waliona wageni wakichukizwa na kulazimishwa usajili, wakihisi duka linataka kuwaandama kwa matangazo. Wateja wa zamani nao hawakukumbuka barua pepe waliyoitumia. Kumbukumbu za mfumo zilionyesha asilimia 45 ya wateja walikuwa wamejisajili zaidi ya mara moja, wengine hadi mara 10, na kila siku watu wapatao 160,000 waliomba kukumbushwa nywila. Robo tatu ya hao hawakurudi kumalizia ununuzi. Suluhisho lilikuwa kuondoa kitufe cha kujisajili, kuweka cha kuendelea, na sentensi fupi ya kumwambia mteja kwamba halazimiki kufungua akaunti. Mauzo ya mwaka wa kwanza yaliongezeka kwa dola milioni 300.

Serikali ya Marekani ililipia somo hilohilo hadharani. HealthCare.gov, tovuti ya kununulia bima ya afya, ilifunguliwa Oktoba 1, 2013 ikiwa na kasoro nyingi za kiufundi, na mojawapo ilikuwa kumtaka kila mtu afungue akaunti kabla ya kuona hata bei za bima. Mamilioni wakasongamana kwenye lango la usajili, wakiwamo waliotaka kuchungulia tu. Siku ilipokwisha, waliofanikiwa kununua bima walikuwa watu 6. Miezi michache baadaye, Februari 2014, Marks & Spencer ya Uingereza ilizindua tovuti mpya iliyogharimu pauni milioni 150, ikawataka wateja wake wapatao milioni 6 waliosajiliwa wajisajili upya. Katika robo mwaka iliyofuata mauzo yake ya mtandaoni yalishuka kwa zaidi ya asilimia 8.

Fomu zina maudhi mengine ambayo watu wa ukanda huu wanayajua vizuri. Mtu wa Morogoro anaambiwa lazima ajaze postikodi, wakati barua zake maisha yote zimefika kwa S.L.P.; anaandika sufuri tano na kuomba Mungu. Anatakiwa kuchagua jimbo katika orodha iliyojaa majimbo ya Marekani. Anaandika namba ya simu kwa kuanza na 07 kama anavyoitamka kila siku, fomu inamwandikia kwa wino mwekundu kwamba amekosea, bila kumwambia ilitaka 255. Kisha, baada ya kosa hilo moja, inafuta yote aliyokwisha kujaza. Kompyuta inaweza kuigeuza 07 kuwa 2557 kwa mstari mmoja wa msimbo. Mtengenezaji aliyeiacha kazi hiyo ameihamishia kwa maelfu ya watu, kila mmoja aifanye kwa kidole gumba.

Madirisha yanayomrukia mgeni usoni yana historia ya kusikitisha. Yalibuniwa katikati ya miaka ya 1990 katika kampuni ya Tripod na mwanaprogramu Ethan Zuckerman, kwa nia njema kabisa: mtangazaji mmoja alikasirika kuona tangazo lake limetokea kwenye ukurasa wenye mambo ya aibu, na Zuckerman akatafuta njia ya kulitenga tangazo katika dirisha lake. Mwaka 2014 aliandika kuomba radhi. Vivinjari vilishajifunza kuyazuia madirisha hayo zamani, lakini yalirudi yakiwa ndani ya ukurasa wenyewe: jiunge na jarida letu, pakua programu yetu, tukutumie taarifa? Januari 2017 Google ilianza kuzishusha katika matokeo yake kurasa za simu zinazofunika maandishi kwa namna hiyo. Kwenye skrini ya simu, alama ya kufungia huwa ndogo kiasi kwamba kidole kikilenga kinagusa tangazo lenyewe.

Halafu kuna macho. Kwa miaka mingi imekuwa fasheni kuandika kwa kijivu hafifu juu ya nyeupe, kwa sababu kwenye skrini kubwa ndani ya chumba chenye pazia huonekana nadhifu. Mwongozo wa kimataifa wa tovuti zinazofikika kwa wote unataka tofauti ya mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na usuli wake iwe angalau 4.5 kwa 1. Mwaka 2024 shirika la WebAIM lilipokagua kurasa za mwanzo za tovuti milioni moja, karibu asilimia 81 zilikuwa na maandishi yasiyofikia kiwango hicho. Dereva wa bodaboda anayesoma simu kijiweni saa saba mchana, mwangaza wa skrini ukiwa umepunguzwa ili chaji ifike jioni, anaona karatasi tupu.

Asiyeona kabisa hutumia programu inayomsomea skrini kwa sauti, nayo haiwezi kusoma kitufe kilichotengenezwa kama picha isiyo na maelezo. Mwaka 2006 chama cha kitaifa cha wasioona nchini Marekani kiliishtaki Target kwa sababu wanachama wake hawakuweza kununua kwenye tovuti ya duka hilo bila kutumia kipanya. Mwaka 2008 Target ilikubali kulipa dola milioni 6 na kurekebisha. Maelezo ya picha ni maneno machache tu yanayoandikwa wakati wa kuipandisha.

Upo mfano wa upande wa pili. Mwaka 2012 serikali ya Uingereza ilizindua GOV.UK kuchukua nafasi ya tovuti kuu zilizokuwapo kabla yake. Watengenezaji walianza kwa kuuliza watu wanakuja kufanya nini, wakatupa kurasa ambazo hazikuwa na jibu. Mtu akitaka kujua sikukuu ijayo ya mapumziko, anafungua ukurasa na tarehe iko juu, kwa herufi kubwa. Hakuna salamu za waziri, wala picha ya jengo. Mwaka 2013 tovuti hiyo ya maandishi meusi juu ya nyeupe ilipewa tuzo ya ubunifu bora wa mwaka na Design Museum ya London, ya kwanza kwa tovuti.

Njia ya kuyaona makosa haya kabla hayajamfukuza mtu ni rahisi, na haihitaji bajeti ya Boo. Nielsen, akitumia utafiti aliofanya na Thomas Landauer, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kufichua takriban asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Wasiwe wafanyakazi wa ofisi hiyo wala ndugu wa mtengenezaji. Kila mmoja apewe simu ya kawaida yenye bando la kawaida na kazi moja halisi: tafuta ada ya kidato cha tano, weka nafasi ya chumba cha Ijumaa, lipia gazeti la mwezi. Mwenye tovuti akae pembeni asiseme neno, hata mtu akikwama dakika tatu akitafuta kitufe ambacho kiko mbele ya macho yake, maana mteja wa kweli hatakuwa na mtu wa kumwelekeza. Aandike kila mahali kidole kilipositasita. Na kama kuna fedha za kuwalipa watu 15, Nielsen anashauri wasiitwe kwa pamoja: waje 5, yarekebishwe waliyoyaibua, kisha waje 5 wengine, maana marekebisho nayo huzaa makosa mapya.